Mkono Uliokataa Kuandika

Kazi ya hakimu wa mahakama ya mwanzo ni kuandika. Watu hudhani ni kuhukumu, lakini hukumu huja mwisho, na mara nyingi huwa fupi. Sehemu kubwa ya siku shahidi amesimama anaeleza, na hakimu ameinama anaandika: alichosema, alichoulizwa, alichojibu. Katika mahakama yetu, nje kidogo ya mji wa Bariadi, njia ya kwenda Dutwa, wakati huo hapakuwa na kompyuta. Kila neno lililosemwa mle ndani lilipita kwenye mkono wangu wa kulia.

Sikuliona hilo kama mzigo. Nilikuwa nimeandika kwa miaka mingi hata nikasahau kwamba naandika. Nilimtazama shahidi usoni, nikasikiliza sauti yake, nikafikiria swali la kumuuliza, na huku chini mkono unakwenda wenyewe, mstari baada ya mstari. Mashahidi wetu wengi walizungumza Kisukuma nyumbani, na mbele ya mahakama ilibidi walitafute neno la Kiswahili kabla ya kulitamka. Wakinyamaza, mkono nao unatulia. Wakianza, nao unaanza. Ilifika mahali nasoma jalada jioni nakuta maneno ambayo sikumbuki kabisa kuyaandika, na yako sawasawa.

Mimi ni mzaliwa wa milima ya Tanga. Nililetwa Simiyu na kazi, mume wangu akaomba uhamisho wa kuja kufundisha sekondari ya Bariadi mjini, tukapanga nyumba karibu na soko. Nilijifunza kusalimia mwangaluka asubuhi na mwadila mchana. Nilizoea vumbi la kiangazi na malori ya pamba. Nilizoea hata kuitwa mayu, yaani mama, na wanawake ambao wangeweza kunizaa, kwa sababu tu ya kiti nilichokalia.

Shida ilianza msimu wa kuuza pamba. Mwanzoni kilikuwa kidole cha shahada peke yake. Nikianza kuandika, kinajikunja na kuiacha kalamu, kama kilichogusa sufuria ya moto. Nakirudisha, kinajikunja tena. Baada ya muda kiganja nacho kikaanza kupinda kuelekea ndani, nikawa nakandamiza kalamu mpaka karatasi inachanika. Sikuwa na maumivu ya kusema naumwa. Kilichonitisha ni kuuambia mkono jambo moja na kuuona ukifanya jingine, mbele ya macho yangu, kama mtoto mkaidi.

Na ajabu ni kwamba nikiweka tu kalamu chini, unapona. Nilisukuma chapati, nilitunga uzi kwenye sindano, nilifunga vifungo vya shati bila tatizo. Jioni moja mume wangu alinikuta namenya viazi. Akasimama akaangalia kisu kinavyokwenda.

"Huo ndio mkono mgonjwa?" akauliza.

"Ndio huu."

"Mbona unamenya kuliko mimi mzima?"

"Nipe kalamu uone."

Akaniletea kalamu na bahasha ya zamani. Nikaandika jina langu. Kidole kikajikunja, kiganja kikapinda, herufi zikatoka kama zimeandikwa juu ya pikipiki inayokwenda. Akacheka kidogo, kisha akaona mimi sicheki.

"Umechoka," akasema. "Chukua likizo upumzike."

Nikachukua likizo. Sikugusa kalamu mpaka siku ya kurudi. Mstari wa kwanza uliandikika vizuri na moyo wangu ukafurahi. Wa pili ukapinda. Zahanati walinipa dawa za maumivu, nikazimeza kwa sababu nilikuwa sina kingine cha kumeza. Nikaanza kujificha. Nilipitisha kalamu kati ya kidole cha shahada na cha kati, nikaushika mkono wa kulia kwa mkono wa kushoto, nikajifanya natafuta kitu kwenye kitabu cha sheria ili mkono upumue. Karani wangu, kijana mpole asiye na maneno mengi, alikuwa anazikusanya karatasi zilizochanika bila kunitazama, na kila asubuhi nakuta mezani rundo jipya la karatasi nzuri kuliko zile tulizozoea.

Halafu ikaja kesi ya maksai.

Maksai ni dume aliyehasiwa na kufundishwa kulima. Mfugaji mmoja alidai kwamba maksai wake alipotea wakati wa kiangazi akaingia kwenye kundi la jirani, na jirani hataki kumrudisha. Jirani akasema ng'ombe ni wake, alimnunua mnadani na amekuwa akimlimia. Chapa ilikuwa imefutika nusu, kila mmoja aliisoma anavyotaka. Mashahidi wa huyu walikuwa ndugu zake, na wa yule vilevile.

Mdai, mzee mfupi aliyevaa koti zito katika joto lile, akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, mimi nimemfundisha huyu mnyama kulima akiwa kulia. Hajawahi kufungwa kushoto. Mfungeni muone."

Nikamuuliza mdaiwa yeye humfunga upande gani. Akasita kidogo.

"Popote," akasema. "Ng'ombe ni ng'ombe."

Hakimu wa mahakama ya mwanzo hukaa na washauri wawili, watu wa kawaida kutoka kwenye jamii. Mmoja wa washauri wangu siku hiyo alikuwa mama mkulima wa pamba aliyenizidi umri sana. Aliniinamia akasema twende tukaone. Basi tukatoka, mahakama nzima, mpaka kwenye shamba lililokuwa nyuma ya jengo. Wakaazima plau na maksai mwingine mzoefu. Wakamfunga mnyama wetu kwenye nira upande wa kushoto. Hakukubali. Alijisukuma dhidi ya mwenzake, akakanyaga mnyororo, akageuza makalio, akajaribu kupita nyuma ili aende upande wa pili. Wakamfungua, wakamfunga kulia. Hapo akatulia kama mtu aliyekaa kwenye kiti chake. Akavuta mstari ulionyooka, na alipofika mwisho akaanza kugeuka kabla hajaamriwa.

Watu wakapiga makofi. Mdaiwa akabaki anatazama ardhi.

Tuliporudi ndani nilitaka kuandika tulichokiona kikiwa bado kibichi. Ukumbi ulijaa, na wote walikuwa kimya wakinisubiri. Niliandika neno moja. Kidole kikajikunja. Nikakirudisha. Kiganja kikapinda mpaka ncha ya kalamu ikaelekea kifuani kwangu. Nikasikia mtu mmoja kwenye benchi la mbele akivuta pumzi kwa mshtuko. Nikajaribu tena, kalamu ikaruka ikaanguka sakafuni, karani akainama kuiokota. Nikaahirisha shauri hadi kesho yake. Usiku huo niliandika nyumbani kwa taabu, neno kwa neno, na asubuhi nikasoma hukumu: ng'ombe arudishwe kwa mdai.

Mdaiwa alitoka nje akasimama kwenye ngazi.

"Mliona wenyewe jana," akawaambia watu kwa sauti ya kusikika ndani. "Mkono wake ulikataa kuandika dhuluma."

Maneno hayo yalitembea haraka kuliko mimi. Kabla ya Jumapili nilikuwa nimeyasikia sokoni, nyuma yangu, wakati nachagua nyanya. Wengine walisema mkono umekataa dhuluma. Wengine walisema mdaiwa ameenda kwa mganga, nami nimetengenezwa. Mdaiwa hakukata rufaa, lakini alikuwa na kitu kilichomtosha kuliko rufaa. Na mimi, niliyesoma sheria, nilikaa kitandani nikijiuliza kama niliona vizuri siku ile shambani. Nilijua niliona vizuri. Hata hivyo nilijiuliza. Mtu akinyimwa utii na kiungo chake mwenyewe, anaanza kutafuta kosa mahali pengine.

Yule mama mshauri alikuja nyumbani kwangu na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa. Tukanywa chai. Alichukua muda kufika kwenye neno lake.

"Mayu, kuna mtu upande wa Mwandoya anatibu mikono," akasema. "Mimi mwenyewe siamini sana. Lakini nisipokwambia, halafu mkono ukafa, nitajilaumu."

"Nashukuru, mama. Sitakwenda."

"Haya. Basi utakwenda wapi?"

Nikammiminia chai nyingine.

"Nenda mahali," akasema. "Usikae tu."

Kwa hiyo nilikwenda Mwanza, kwa daktari wa mishipa ya fahamu ambaye mume wangu alielekezwa na mwalimu mwenzake. Mume wangu alinisindikiza. Nilidhani anakuja kuhakikisha kama naumwa kweli, na nadhani sikukosea.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mwenye haraka hapo mwanzo. Alinigonga viwiko kwa kinyundo, akanipapasa misuli, akaniambia nibane vidole vyake, nikabana. Vyote sawa. Kisha akanipa kalamu na karatasi. Mkono ukafanya vioja vyake. Hapo haraka yake ikaisha. Akasogeza kiti.

"Njoo hapa ubaoni," akasema. Ukutani kulikuwa na ubao mweupe. Akanipa kalamu nene ya wino. "Andika hilohilo, herufi kubwa, mkono wote utembee kuanzia begani."

Nikaandika. Mkono ukaenda. Haukupinda, haukujikunja. Herufi zilitoka kubwa, za duara, nzuri, maandishi yangu mwenyewe ambayo nilikuwa sijayaona kwa miezi. Niliandika mpaka ubao ukajaa, kisha nikakaa chini nikalia. Mume wangu alikuwa anatazama ule ubao.

"Mkono wako ni mzima," daktari akasema. "Kilichovurugika ni ile amri. Ndani ya ubongo kila kidole kina eneo lake, kama mashamba yaliyopakana. Ukitaka kidole hiki kisogee, eneo lake linaamka na majirani wanatulizwa. Sasa, mtu akirudia mwendo mmoja mdogo kwa miaka, kwa kubana, kwa haraka, kwa wachache wetu mipaka hufifia. Unaita kidole kimoja, vinaitika vitatu."

"Kesi za mipaka nazijua," nikasema, na yeye akatabasamu.

"Lakini mbona viazi anamenya?" mume wangu akauliza.

"Kwa sababu ubongo hujifunza kazi. Kumenya viazi ni kazi moja, kuandika mezani ni nyingine, kuandika ukutani ni nyingine kabisa, ingawa mkono ni uleule. Mke wako amejifunza kuandika mezani kupita kiasi, mpaka somo lenyewe limeharibika."

Aliutaja ugonjwa kwa Kiingereza, kisha akasema kwa Kiswahili tuuite mkakamao wa kuandika. Hakuniahidi kupona. Alisema kuna sindano za kulegeza misuli, zinapatikana mbali na kwa shida, na hazimfai kila mtu. Alisema pia kwamba kile ubongo ulichojifunza vibaya, mara nyingine unaweza kufundishwa upya, kwa uvumilivu, na kwamba mimi ndiye nitakayefanya kazi hiyo.

Basi la kurudi liliposimama Nyashimo, mume wangu alinunua mahindi ya kuchoma dirishani, akanimegea nusu.

"Nilidhani umeichoka kazi na unatafuta sababu," akasema.

"Najua."

"Samahani, mke wangu."

Tukala mahindi. Sikuwa na hasira naye. Hata mimi nilikuwa nimeanza kudhani hivyohivyo.

Hakimu mfawidhi wangu, yaani msimamizi wetu wa mahakama, alinielewa. Aliniondoa kwa muda kwenye kusikiliza mashauri, akanipa kazi za ukaguzi. Hospitali ya Bariadi nilimpata mtaalamu wa mazoezi ya viungo, dada mmoja kutoka Mbeya, mwembamba na mkali. Siku ya kwanza nilimletea kalamu tano ili achague ipi inanifaa. Akazitia zote kwenye droo yake.

"Kuandika baadaye," akasema. "Kwanza tuvifundishe vidole kujua kwamba ni vitano."

Zoezi lake la kwanza lilikuwa mfuko wa kitambaa. Ndani yake palikuwa na mbegu za pamba, choroko, dengu na alizeti. Nilitakiwa kuingiza mkono bila kutazama, nishike mbegu moja kwa kidole kimoja na kidole gumba, niseme ni nini. Nilidhani ni mchezo wa watoto. Nikashindwa. Kwa kidole cha shahada sikuweza kutofautisha dengu na mbegu ya pamba iliyotolewa manyoya, na kwa kidole cha kati nilikuwa nabahatisha. Mkono wa kushoto ulizitambua zote. Hapo ndipo nilipoamini maneno ya daktari. Nilikuwa nimechukulia kwamba kuhisi ni jambo moja na kusogea ni jingine. Kumbe kidole kisichojua kinachogusa hakijui pia kinakokwenda.

Nyumbani mume wangu akashona mfuko kama ule kwa suruali yake kuukuu. Baada ya chakula ananiketisha, ananifunga macho kwa kitenge.

"Hii?"

"Choroko."

"Hii?"

"Dengu."

"Umeibia. Umechungulia."

"Nichungulie vipi na umenifunga mpaka pua?"

Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kucheka kwa sababu ya ule mkono.

Baada ya mbegu yakaja maduara. Nilichora duara kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, mkono ukitembea kutoka begani, taratibu. Kisha duara dogo zaidi. Kisha juu ya mchanga uliotandazwa kwenye sinia. Sheria ya yule dada ilikuwa moja na hakuivumilia ivunjwe: kidole kikianza kujikunja, acha papo hapo.

"Kila kikijikunja ukaendelea," alisema, "unakifundisha kujikunja."

Niliivunja sheria hiyo mara nyingi. Nina tabia ya kumaliza nilichoanza, na tabia hiyo ndiyo iliyonifikisha pale. Kulikuwa na wiki nzima ambayo mkono ulirudi nyuma kabisa, hata duara kubwa ukutani likapinda. Nikamwambia yule dada kwamba nimechoka, anirudishie kalamu zangu. Hakunibembeleza. Alisema mwili haujifunzi kwa mstari ulionyooka, na kwamba mara nyingine somo hukaa ndani siku kadhaa kabla halijatoka nje. Akaniambia nikalale vizuri, nirudi Alhamisi. Nikarudi Alhamisi kwa hasira. Duara likatoka safi.

Katika kipindi hichohicho alitaka nijaribu mkono wa kushoto, ili nisiutegemee mmoja. Sikuwahi kuandika chochote kwa mkono huo maishani. Nilikaa mezani jikoni nikaandika majina ya vitu nilivyoviona, sufuria, mwiko, dirisha. Mstari ulitetemeka vibaya, baadhi ya herufi zilitaka kugeuka nyuma mbele. Nikaandika "mgeni". Nikaitazama ile g.

Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndiye aliyenifundisha kuandika kabla sijaanza darasa la kwanza. G yake ilikuwa na mkia mrefu unaorudi kushoto na kupinda juu kidogo mwishoni, na mimi niliichukua. Alifariki zamani. Ile g ilikuwa pale kwenye karatasi, imetetemeka, imetoka kwenye mkono ambao hakuwahi kuushika, na mkia wake unarudi kushoto na kupinda juu mwishoni. Nilimwita mume wangu.

"Hii ni g ya nani?" nikamuuliza.

Akaangalia. Anayajua maandishi ya baba, alikuwa ameyasoma kwenye barua za posa.

"Ya mzee," akasema.

Nilikaa na karatasi ile muda mrefu. Miaka yote hiyo niliamini maandishi yangu yako mkononi, na mkono ulipoharibika nilidhani nimeyapoteza. Yalikuwa mahali pengine, juu zaidi, na mkono wowote ungeweza kuyaomba. Sijui kama naweza kueleza faraja niliyoipata. Tangu siku ile niliacha kuuchukia mkono wa kulia. Niliuona kama mfanyakazi anayepokea maagizo yaliyochanganyika, na anajitahidi kuyafuata yote kwa pamoja.

Nilirudi kortini masika yalipokuwa yanakaribia, watu wengi wakiwa mashambani. Kalamu yangu ilikuwa imezungushiwa mpira wa baiskeli mpaka ikawa nene kama gunzi. Niliandika herufi kubwa, mkono ukitokea begani, mistari michache kwa ukurasa. Shauri la kwanza lilikuwa la mpaka wa shamba. Shahidi alikuwa mdai mwenyewe, bibi mmoja aliyekuja na mwavuli. Nilimwomba aseme kidogo kidogo, anipe nafasi.

"Haraka ya nini, mayu?" akasema. "Shamba haliendi popote."

Akawa anasema sentensi moja na kusubiri, ananitazama naandika, kisha ananipa nyingine. Alipoona nimefika mwisho wa mstari anatikisa kichwa kwamba sasa anaweza kuendelea. Mshauri wangu, yule mama wa matobolwa, alisinzia. Katikati ya ushahidi kidole kikaanza ile hali. Nikaweka kalamu chini, nikafungua na kufumba kiganja, nikasubiri. Ukumbi ukasubiri nami. Safari hii hakuna aliyevuta pumzi kwa mshtuko. Nikahamia mkono wa kushoto kwa mistari miwili, nikarudi kulia.

Hatukumaliza siku hiyo. Niliahirisha, na pande mbili zikatoka nje zikibishana kwa Kisukuma, sikuelewa yote, ila nilielewa kwamba bibi ana mzigo na kuna baiskeli moja tu. Mdaiwa wake ndiye aliyekuwa nayo. Nilipofunga mlango niliwaona wameshaufunga mwavuli na kikapu nyuma ya baiskeli ile, mdaiwa anaisukuma, na bibi anatembea kando yake akiendelea kumweleza mpaka wa shamba unapita wapi.